Seva ya Sauti katika Linux na Namna ya Kuisaka Sauti Iliyopotea

Kadi ya sauti ya kompyuta, iwe imejengwa ndani ya ubao mama au imechomekwa pembeni kwa USB, kwa kawaida hupokea mkondo mmoja tu wa tarakimu, huugeuza kuwa umeme wa kutetemesha spika, na haijui kama tarakimu hizo zimetoka kwenye wimbo, kwenye mkutano wa video au kwenye kengele ya ujumbe ulioingia. Mtumiaji kwa upande wake hutaka vyote vitatu visikike kwa pamoja, kila kimoja kwa kiwango chake, na akichomeka hedifoni katikati ya wimbo hutarajia sauti ihamie huko bila kukatika. Programu inayosimama kati ya matakwa hayo na kadi isiyojua lolote, ikipokea mikondo yote, kuichanganya kuwa mmoja na kuamua uende wapi, ndiyo inayoitwa seva ya sauti.

Windows na macOS nazo zina programu ya namna hiyo, ila imefichwa nyuma ya pazia na aghalabu mtumiaji hafahamu hata jina lake. Katika Linux, ambako kila sehemu huandikwa na watu tofauti na inaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine, seva ya sauti ina jina, ina mafaili yake ya mipangilio, na kwa miaka mingi imekuwa mshtakiwa wa kwanza kila spika zinaponyamaza. Ukifuatilia mashtaka hayo moja baada ya jingine, hata hivyo, utakuta kwamba mengi yanalihusu tabaka lililo chini ya seva, nayo seva imebeba lawama kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mtumiaji.

Mwanzoni hapakuwa na seva. Mfumo wa kwanza wa sauti ulioenea katika Linux, OSS, ulioanzishwa na Mfini Hannu Savolainen mwaka 1992, uliionyesha kadi kama faili moja lenye jina la /dev/dsp, na kwa kadi nyingi programu iliyowahi kulifungua ndiyo iliyomiliki spika hadi ilipolifunga, huku nyingine zikisubiri au zikirudishiwa ujumbe wa makosa. Mazingira makuu mawili ya dawati yalitafuta dawa kila moja kwa njia yake: GNOME ikatumia seva iliyoitwa EsounD na KDE ikatumia aRts, kisha seva hizo mbili zikaanza kugombania kadi ileile ambayo awali iligombaniwa na programu. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha mradi wa ALSA, mkusanyiko mpya wa draiva, yaani programu zinazoifundisha kerneli, kiini cha Linux, namna ya kuzungumza na kila aina ya kadi, na ALSA ilichukua nafasi ya OSS rasmi katika kerneli 2.6 iliyotoka Desemba 2003. ALSA ndiyo tabaka la chini hadi leo. Ilikuja pia na sehemu iliyoitwa dmix, iliyoweza kuchanganya mikondo, lakini haikuwa na uwezo wa kuhamisha sauti kutoka kifaa kimoja hadi kingine wala wa kupanga nani asikike wapi.

Kabla ya kusimulia kilichofuata, yafaa kueleza jambo linaloibana kazi nzima ya seva ya sauti, nalo ni muda. Sauti ya CD imekatwakatwa kuwa sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na ile ya video kwa kawaida 48,000. Sampuli ni kipimo kimoja cha ukubwa wa wimbi la sauti kwa nukta moja ya wakati. Kichakato cha kompyuta, chenye kazi nyingine chungu nzima, hakiwezi kuipelekea kadi sampuli moja moja kwa wakati wake, kwa hiyo huzipeleka kwa mafungu na kuziweka katika bafa, ambayo ni sehemu ya kumbukumbu zinakosubiri kuchezwa. Bafa hufanya kazi kama tangi la maji juu ya paa katika mtaa wenye mgao: nyumba huchota mfululizo ilhali maji huingia kwa vipindi, na tangi likikauka kabla ya zamu kurudi, bomba hukohoa. Katika spika, kikohozi hicho ndiyo ile mikwaruzo na midundo mifupi ambayo mafundi wa Linux huiita xrun. Tangi kubwa huondoa hatari hiyo, lakini maji yanayochotwa ni ya zamani. Vivyo hivyo, kadiri bafa inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyochelewa kutoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Bafa ya sampuli 1024 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 21 na ushei, muda ambao sauti hutumia kusafiri mita saba hivi hewani, kwa hiyo anayetazama filamu hawezi kutambua lolote. Mpiga gitaa anayejisikia kupitia kompyuta hutambua, kwani uchelewaji ukizidi milisekunde 10 hivi vidole vyake na masikio yake huanza kupishana. Kwa ajili ya watu wa aina hiyo Paul Davis aliandika JACK, seva ya studio inayotumia bafa ndogo na nidhamu kali ya wakati, na matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi Linux ilikuwa na seva moja ya wanamuziki na nyingine ya watu wa kawaida, huku anayetaka kurekodi wimbo na kusikiliza kivinjari kwenye kadi moja akilazimika kuziunganisha mbili hizo kwa mbinu za kuchosha.

Hiyo ya watu wa kawaida ilikuwa PulseAudio. Lennart Poettering aliianzisha mwaka 2004 kwa jina la Polypaudio, likabadilishwa mwaka 2006, na Fedora 8, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikaifanya seva yake ya msingi mwezi Novemba 2007, Ubuntu 8.04 ikafuata mwezi Aprili 2008. Iliwapa watumiaji vitu ambavyo leo hakuna anayeviona kuwa vya ajabu, kama vile kiwango cha sauti cha kila programu peke yake, au wimbo kuhamishwa kutoka spika hadi hedifoni ukiendelea kucheza. Iliwapa pia mikwaruzo, kukatika na ukimya, na kwa miaka kadhaa shauri la kwanza alilopewa kila mwenye tatizo lilikuwa aifute.

Chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo hayo kinastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha lawama ilivyokwenda kombo. Tangu mwaka 2008 PulseAudio ilianza kutumia bafa kubwa, iliyoweza kufikia sekunde mbili, na badala ya kungoja kadi iikatize kila fungu linapokwisha, ilijiamsha yenyewe kwa saa ya mfumo. Ikitokea sauti mpya ghafla, ilirudi nyuma na kuandika upya sehemu ya bafa ambayo haijachezwa. Mbinu hiyo ilipunguza idadi ya mara ambazo kichakato huamshwa, na hivyo kuokoa betri ya kompyuta mpakato, lakini ilidai kitu kimoja kutoka kwa draiva: iseme kweli, wakati wowote inapoulizwa, kadi imefika sampuli ya ngapi. Draiva nyingi zilikuwa hazijawahi kuulizwa swali hilo kwa ukali namna hiyo, na baadhi yao zilijibu kwa kubahatisha. Seva iliyoamini jibu la uongo iliandika mahali pasipofaa, spika zikakohoa, na mtumiaji akamshika yule aliyemwona. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wasambazaji wa Linux waliitoa PulseAudio ikiwa haijaiva. Draiva, hata hivyo, zilirekebishwa moja baada ya nyingine, kwa kiasi kikubwa kwa sababu kulikuwa na programu inayozibana, na iliyokuja baadaye ilikuta njia imekwisha kufyekwa.

Iliyokuja baadaye ni PipeWire, kazi ya Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, mmoja wa waundaji wakuu wa GStreamer, mfumo wa kuchezea sauti na video. Hapo awali ilikusudiwa kwa picha, yaani kugawana kamera na skrini kati ya programu kwa usalama, na sauti ikaongezwa baada ya kuonekana kwamba mfumo uleule wa kupitisha data unaweza kutosheleza mpiga gitaa na mtazamaji filamu kwa pamoja. Siri yake ni kwamba ukubwa wa fungu haukufungwa: programu inayohitaji uchelewaji mdogo ikijiunga, seva nzima hushuka hadi kiwango hicho, na ikiondoka hupanda tena. Zaidi ya hayo, PipeWire hujibu kwa lugha ya PulseAudio na ya JACK, kwa hiyo programu za zamani huendelea kufanya kazi bila kuandikwa upya. Fedora 34 iliichukua mwezi Aprili 2021, Ubuntu 22.10 mwezi Oktoba 2022, Debian 12 katika dawati lake la GNOME mwaka 2023, na toleo 1.0 likatoka Novemba mwaka huohuo.

Kwenye toleo jipya la mifumo hiyo, kusimika seva hakuhitaji kazi yoyote. Anayetaka kujua ni seva ipi inayotumika hufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika pactl info, kisha akatazama mstari wa jina la seva: ukisomeka PulseAudio na kando yake mabano yanayotaja PipeWire na namba ya toleo, maana yake PipeWire ndiyo inayofanya kazi na jina la PulseAudio ni la lugha tu inayozungumzwa. Ubuntu 22.04 huwatatiza wengi hapa, kwa sababu ina PipeWire kwa ajili ya skrini na kamera ilhali sauti bado iko chini ya PulseAudio, na anayeona PipeWire kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa hudhani imekwisha kuchukua kazi yote. Kwenye Debian 12, kifurushi kiitwacho pipewire-audio huleta sehemu zote zinazotakiwa kwa amri moja.

Sehemu hizo ni tatu, nazo hazina budi kuwa hai kwa pamoja: pipewire yenyewe, ambayo hupitisha data, pipewire-pulse, ambayo hupokea programu zinazozungumza lugha ya PulseAudio, na wireplumber, meneja wa kikao, ambaye huamua kadi ipi ifunguliwe na mkondo upi uunganishwe na spika ipi. Mwenye pipewire bila wireplumber ana mabomba yasiyounganishwa na chochote. Zote tatu hukaguliwa kwa amri ya systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber, na neno --user lina uzito wake, kwa maana seva hizi ni za mtumiaji aliyeingia, si za mfumo mzima. Anayetanguliza kwa mazoea sudo, amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi, huitafuta seva ya msimamizi, ambayo kwa kawaida haipo, hurudishiwa jibu kwamba muunganisho umeshindikana, na huanza kutibu ugonjwa ambao kompyuta yake haina.

Mafaili ya mipangilio yaliyoko ndani ya /usr/share/pipewire hayaguswi, kwa kuwa hufutwa na kila sasisho. Mabadiliko huandikwa katika faili dogo linaloishia na .conf ndani ya folda ya ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d, na ni busara kuyajaribu kwanza bila kuandika popote: amri ya pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 512 hulazimisha fungu la sampuli 512 papo hapo, na ileile yenye 0 mwishoni huondoa shuruti hiyo. Kwa upande mwingine, anayehariri /etc/pulse/daemon.conf kwenye kompyuta yenye PipeWire anapoteza muda wake, maana seva mpya hailisomi faili hilo kabisa. Shauri jingine lililopitwa na wakati ni kumwingiza mtumiaji katika kundi la audio. Siku hizi mfumo humpa ruhusa ya kadi aliyeketi mbele ya kompyuta, na kundi hilo huweza kuleta mgongano watu wawili wanapopokezana dawati.

Sauti inapokosekana, utafutaji unaofika mahali huanzia chini na kupanda, tabaka kwa tabaka. Amri ya aplay -l huiuliza ALSA moja kwa moja orodha ya kadi zinazoweza kucheza, bila kupitia seva. Ikijibu kwamba hakuna kadi, hata seva ingebadilishwa mara kumi isingefaa kitu, na dalili yake juu kabisa ni kwamba dirisha la mipangilio huonyesha kifaa kimoja tu, kiitwacho Dummy Output, ambacho ni spika ya kubuni iliyowekwa ili programu zisianguke. Katika kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni zenye chipu za Intel, chanzo huwa ni kukosekana kwa femwea ya SOF, programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu ya sauti kila kompyuta inapowashwa. Debian huiita firmware-sof-signed, Fedora alsa-sof-firmware na Arch sof-firmware. Ikisimikwa na kompyuta ikazimwa na kuwashwa, kadi mara nyingi hujitokeza.

Kadi ikiwepo, hatua inayofuata ni alsamixer, programu ya terminali inayoonyesha vidhibiti vya kadi kama nguzo zilizosimama. Hapa kuna mtego mdogo: ikifunguliwa huonyesha nguzo moja tu, ambayo ni ya PipeWire yenyewe, na ni lazima kubonyeza F6 na kuchagua kadi halisi ili nguzo za kweli zionekane. Chini ya kila nguzo kuna kisanduku. Herufi MM ndani yake zinamaanisha kidhibiti kimenyamazishwa, na kubonyeza M huzigeuza kuwa 00, yaani kimefunguliwa. Nguzo ya Master inaweza kuwa juu kabisa ilhali ile ya Speaker au Headphone imefungwa, na hakuna kitelezi cha dawati kitakachosema hivyo. Kidhibiti kiitwacho Auto-Mute Mode nacho hustahili jicho, kwani huzima spika kila kinapohisi hedifoni, na tundu la hedifoni lililochakaa au kuingia vumbi huweza kuhisi hedifoni isiyokuwepo.

Baada ya hapo hujaribiwa kadi yenyewe kwa speaker-test -D plughw:0,0 -c 2, namba zikibadilishwa kulingana na orodha ya aplay. Mlio ukisikika, tabaka la chini ni zima na msako huhamia kwenye seva. Jibu likiwa kwamba kifaa kinatumika, amri ya fuser -v /dev/snd/* hutaja programu inayokishikilia, na si mara chache hiyo huwa ni PulseAudio ya zamani iliyosahauliwa bila kuzimwa pale PipeWire iliposimikwa.

Katika tabaka la seva, amri inayofaa kuliko zote ni wpctl status, ambayo huchora mti wa vifaa, spika, maikrofoni na mikondo, kila kimoja kikiwa na namba yake, na nyota ikiwa mbele ya kile kilichochaguliwa. Kosa ambalo huwapata wengi huonekana hapo mara moja: nyota imekaa kwenye HDMI, kwa sababu skrini ya nje ilichomekwa na seva ikaihesabu kuwa spika, wakati skrini yenyewe haina spika hata moja. Amri ya wpctl set-default ikifuatiwa na namba ya spika sahihi hulimaliza. Neno MUTED kando ya kiwango linajieleza lenyewe. Spika isipoonekana kabisa ingawa kadi ipo, profaili ya kadi, yaani mpangilio wa matundu yanayotumika, imewekwa mahali pasipo pake, na programu ya pavucontrol huibadilisha kwa mbofyo mmoja. WirePlumber hukumbuka chaguo za nyuma katika folda ya ~/.local/state/wireplumber, kuifuta na kuanzisha upya seva zote tatu huondoa kumbukumbu zilizopotoka, na pengine ndilo jambo la maana zaidi ambalo watu hulitimiza bila kujua wanaposimika upya mfumo mzima.

Mikwaruzo ni kesi nyingine, nayo hufuatiliwa kwa pw-top, jedwali linalojisasisha na kuonyesha kila mkondo, ukubwa wa fungu lake na muda unaotumia. Safu ya ERR huhesabu xrun. Namba inayopanda kila mkwaruzo unaposikika humtaja mwenye kosa kwa jina, na kuongeza ukubwa wa fungu kwa kawaida hutosha. Namba hiyo isipopanda ilhali mkwaruzo upo, ni vema kushuku waya, tundu au spika yenyewe.

Bluetooth huleta malalamiko ambayo kwa kweli si hitilafu. Hedifoni za aina hiyo hutumia A2DP kwa muziki, sauti nzuri ya kushoto na kulia inayokwenda njia moja tu, kutoka kompyuta hadi hedifoni, na HFP au HSP kwa mazungumzo, ambako maikrofoni hufanya kazi lakini sauti hushuka hadi sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde kwa mkondo mmoja. Mkutano wa video unapofungua maikrofoni ya hedifoni, WirePlumber huhamia HFP na muziki hugeuka kuwa kama wa simu ya mezani. Chipu za Bluetooth na kanuni zake zilipangwa hivyo kabla ya Linux kuguswa, na nafuu ya haraka ni kutumia maikrofoni ya kompyuta na kuziacha hedifoni kwenye A2DP.

Seva inaweza pia kupeleka sauti kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa nyumbani kupitia mlango wa TCP 4713, jambo zuri kwa mwenye spika kubwa sebuleni, mradi mlango huo usiachwe wazi kwa kila anayepita.

Hubaki kesi chache ambamo kadi inaonekana, vidhibiti vimefunguliwa, seva ni nzima na bado hakuna sauti, hasa kwenye modeli mpya ambazo mtengenezaji ameunganisha spika na chipu kwa njia ambayo draiva haijafundishwa. Hapo hakuna faili la mipangilio linaloweza kusaidia. Kinachofaa ni kuendesha alsa-info.sh, programu inayokusanya maelezo yote ya kadi, na kuyatuma kwa watunzaji wa ALSA, ambao huongeza modeli hiyo kwenye orodha ya draiva katika kerneli zijazo. Wakati wa kusubiri, kidude cha sauti cha USB cha bei ndogo hutosha, kwa kuwa vifaa vya USB vinavyofuata kanuni ya pamoja huendeshwa na draiva moja, snd-usb-audio, ambayo haiigusi kabisa chipu iliyogoma.